Friza Ikiharibika: Unachoweza Kutengeneza Mwenyewe na Unachopaswa Kutupa



Leo tutazungumza kuhusu friza ya nyumbani iliyoharibika. Najua kuna anayejiuliza: muuguzi na friza, wapi na wapi? Si amwachie fundi kazi yake? Nitakuambia sababu. Friza ikizima, watu wa aina mbili huweza kuletwa kliniki. Wa kwanza ni mtoto anayetapika na kuharisha kwa kuwa amelishwa chakula kilichoyeyuka, kikaharibika, kisha kikagandishwa tena. Wa pili ni mtu mzima aliyepigwa na stima kwa kuwa alifungua friza nyuma wakati plagi ilikuwa bado kwenye soketi. Wote wawili wangekuwa salama kama wangejua mambo machache ambayo tutayasema leo.

Basi shika neno hili tangu mwanzo: friza inaweza kupona, lakini friza ikipona haiponyi chakula kilichoharibika ndani yake.

Siku hizi friza si anasa. Mama mwingine huuza samaki, nyama au barafu za watoto, na friza ndiyo inayolipa karo. Mwingine amerudi kazini mapema. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3, lakini mtoto anatakiwa kunyonya maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Katika ile miezi inayobaki, mama wengi hukamua maziwa na kuyaweka kwenye baridi. Kwa hiyo friza ikizima usiku, hasara si ya pesa tu. Ni chakula cha mtoto.

CHAKULA KWANZA, BISIBISI BAADAYE

Ukigundua kwamba friza imezima, jambo la kwanza ni kutazama saa. Andika saa hiyo kwenye karatasi. Kama stima ilipotea usiku na hujui ilipotea saa ngapi, hesabu tangu mara ya mwisho ulipoiona friza ikifanya kazi.

Jambo la pili, usifungue mlango ovyo. Kila ukifungua, baridi hutoka. Friza iliyojaa na kufungwa vizuri huweza kushika baridi kwa muda wa saa 48 hivi. Iliyojaa nusu hushika kwa saa 24 hivi. Friji ya kawaida, isiyogandisha, hushika kwa saa 4 tu. Kwa hiyo kama una friza iliyojaa, una nafasi ya kutosha kuchunguza tatizo bila haraka. Waambie watoto wasiifungue hata kuchungulia.

Kama unaona itachelewa, omba nafasi kwa jirani mwenye friza, au nunua barafu uipange juu ya chakula. Chakula ambacho bado ni kigumu kwa barafu kihamishe kikiwa hivyo hivyo.

CHUNGUZA KABLA YA KUNUNUA SPEA

Sasa tuje kwenye friza yenyewe. Mara nyingi mtu hukimbilia kununua spea kumbe friza haina ugonjwa wowote. Fuata mpangilio huu.

Kwanza, tazama stima. Je, tokeni zimeisha? Je, swichi kuu imeshuka? Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi ile ile ya friza. Kama haifanyi kazi, tatizo ni la soketi wala si la friza. Kama ulikuwa unatumia waya wa kuongezea, uondoe, uchomeke friza moja kwa moja ukutani. Friza haitakiwi kutumia waya mwembamba wa kuongezea, kwa sababu waya huo hupata joto na unaweza kuwasha moto.

Pili, tazama kitufe cha kuongeza na kupunguza baridi. Watoto hukizungusha wakicheza. Kikiwa kwenye sifuri, friza imezimwa.

Tatu, tazama nyuma na pembeni. Friza hutoa joto nje ili ndani pawe na baridi. Ikiwa imebanwa ukutani, au mabomba yake ya nyuma yamejaa vumbi na nywele za paka, joto halitoki. Iache nafasi ya kama sentimita 10 kutoka ukutani. Chomoa plagi, kisha safisha vumbi kwa brashi laini iliyokauka.

Nne, tazama barafu. Barafu nene ndani ya friza huzuia baridi isifike kwenye chakula. Hapa nakuomba sana, mama: usichokoe barafu kwa kisu wala kwa bisibisi. Chini ya barafu hiyo kuna mabomba membamba ya gesi. Ukitoboa moja, gesi yote hutoka, na friza iliyohitaji kuyeyushwa tu sasa inahitaji fundi na pesa nyingi. Hamisha chakula, chomoa plagi, acha mlango wazi, weka sufuria ya maji moto ndani, na usubiri. Panguza maji yanayotiririka ili yasifike kwenye plagi au waya.

Tano, sikiliza. Weka sikio karibu na kompresa, lile chungu jeusi la chuma lililo chini upande wa nyuma. Kama kuna kimya kabisa, shida inaweza kuwa kwenye plagi, waya au thamostati. Kama inajaribu kuwaka, inanguruma kidogo, kisha inasikika "tik!" na kunyamaza, halafu inarudia tena baada ya dakika chache, mara nyingi ni relei ya kuwashia. Kama kompresa inanguruma vizuri saa zote lakini ndani hakuna baridi, huenda gesi imetoka. Hiyo ya gesi tutairudia.

SPEA UNAZOWEZA KUBADILISHA MWENYEWE

Kabla ya spea yoyote kuna sheria moja isiyo na ruhusa ya kuvunjwa. Chomoa plagi. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, maana soketi nyingine zimeunganishwa vibaya na stima hubaki. Chomoa plagi uiweke mahali unapoiona kwa macho. Stima ya nyumba zetu ni volti 240, na inaweza kuua. Vaa viatu vikavu. Kausha sakafu na mikono yako. Watoto wawe chumba kingine na mtu mzima. Kama friza ilikuwa inawaka, subiri nusu saa hivi, kwa sababu kompresa huwa ya moto na huchoma ngozi.

Spea ya kwanza ni fyuzi ya plagi. Plagi zetu za miguu mitatu ya bapa zina fyuzi ndani. Fyuzi ikiungua, friza hunyamaza kabisa. Nunua yenye namba ile ile iliyoandikwa kwenye ya zamani au kwenye maandishi ya friza. Usifunge waya wa shaba wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Fyuzi huungua ili nyumba isiungue. Kama mpya nayo inaungua mara moja, acha. Kuna shoti, na hiyo ni kazi ya fundi.

Spea ya pili ni plagi yenyewe, ikiwa imepasuka au imeyeyuka. Waya wa kahawia huenda penye herufi L, wa buluu huenda penye N, na wa kijani na manjano huenda penye E. Huo wa kijani na manjano ndio unaokulinda. Kuna watu huukata wakisema hauna kazi. Kazi yake ni kuibeba stima ikivuja kwenye bati la friza, isipite kwenye mwili wako. Ukigusa friza na kuhisi inakusisimua au kukupiga kidogo, ichomoe na usiitumie tena hadi fundi aione.

Spea ya tatu ni raba ya mlango. Raba ikichakaa, hewa ya joto huingia, barafu hujaa na tokeni huisha haraka. Ipime hivi: weka noti au karatasi kwenye mlango, ufunge, kisha uvute. Ikitoka bila kushikwa, raba ni dhaifu mahali hapo. Fanya hivyo kuzunguka mlango mzima. Kwanza ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa sababu mara nyingine ni mafuta na uchafu tu vinavyoizuia kushika. Ikiwa imepasuka, nunua nyingine. Andika jina na namba ya friza iliyo kwenye kibandiko chake, na upime urefu na upana wa raba ya zamani. Raba nyingine huvutwa tu kutoka kwenye mfereji wake, na nyingine hushikwa na skrubu zilizo chini ya ukingo wake. Raba mpya huja ikiwa imekunjika. Itie kwenye beseni la maji ya moto kiasi kwa dakika chache, italainika na kunyooka. Anza kuipachika kwenye pembe nne, kisha ufuate pande. Mwisho, rudia kipimo cha noti.

Spea ya nne ni relei ya kuwashia kompresa. Hii ni sanduku dogo la plastiki lililochomekwa ubavuni mwa kompresa, chini ya kifuniko. Jirani yake kuna kifaa kingine kidogo, mara nyingi cha mviringo, kinachozuia kompresa isipate joto kupita kiasi. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa waya wowote, ili ujue kila mmoja ulikaa wapi. Ondoa kifuniko, vuta relei polepole bila kuipindua, kwa sababu vijiti vya kompresa vikivunjika hakuna spea yake. Relei nyingi za siku hizi zina kipande cha kauri ndani. Itikise karibu na sikio. Ikilia kama njugu kavu kwenye debe, kauri imevunjika. Ikiwa imeungua au inanuka moto, pia imekwisha. Nenda nayo dukani mkononi. Usiseme tu "nipe relei ya friza". Namba iliyoandikwa juu yake lazima ilingane na ile mpya. Ichomeke, rudisha waya kama kwenye picha, na urudishe kifuniko. Friza isiwashwe hata siku moja bila kifuniko hicho.

Lakini angalia: ukiona karibu na relei kuna kifaa kama kikopo kidogo chenye nyaya mbili, simama hapo. Hicho huhifadhi stima ndani yake hata plagi ikiwa imechomolewa, na kinaweza kukupiga. Mwite fundi.

Spea ya tano ni thamostati, kifaa kilicho nyuma ya kitufe cha baridi. Kina bomba jembamba kama uzi wa chuma linaloingia ndani ya friza kupima baridi. Kukitambua kuwa kimeharibika kunahitaji mita ya fundi. Kama bomba lake linachomoka kwa urahisi, unaweza kukibadilisha kwa kufuata picha uliyopiga, ukiingiza bomba jipya hadi pale pale la zamani lilipofika. Usilikunje wala kulikata. Kama limeng'ang'ania ndani ya ukuta wa friza, usilivute.

Na kama moyo wako haukubali kugusa haya yote, si aibu. Hata kujua tu kunakusaidia. Mama anayejua relei ni nini hawezi kuambiwa kwa urahisi kwamba kompresa nzima imekufa, kumbe ni kijisanduku cha plastiki. Mwombe fundi akuonyeshe spea iliyoharibika na ile mpya, mbele ya macho yako.

UNACHOPASWA KUMWACHIA FUNDI

Mabomba ya gesi, kompresa na kila kitu kilichochomelewa, usiguse. Soma kibandiko cha friza. Ukiona maandishi R600a, ujue gesi yake ni ya jamii moja na gesi ya kupikia ya mtungi. Inawaka moto. Ikivuja jikoni penye jiko linalowaka, inaweza kulipuka. Haina harufu kali kama ile ya mtungi, kwa hiyo usitegemee pua. Ukisikia "sssss" au ukiona mafuta mafuta kwenye bomba, zima moto wote, fungua madirisha na milango, toa watoto nje, na usiwashe wala kuzima swichi yoyote iliyo karibu. Ukiona R134a, hiyo haiwaki kwa urahisi, lakini ikikurukia huunguza ngozi na macho kwa baridi, na ikijaa chumba kidogo hukunyima hewa.

Fundi akija kujaza gesi, muulize: "Umepata tundu liko wapi?" Gesi haiishi kama mafuta ya taa. Ikipungua, kuna mahali inapovuja. Kujaza bila kuziba tundu ni kumwaga pesa. Na kama friza ni ya R600a, asije na moto wa kuchomelea ndani ya nyumba yako wakati bado kuna gesi kwenye mabomba.

Kama friza imekufa kabisa, usiiache uani ikiwa na mlango. Watoto hucheza kujificha, wakaingia, mlango ukafunga, na hewa ndani haitoshi. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1956 ili milango ya friji iweze kufunguka kutoka ndani, baada ya watoto kufa hivyo. Wewe ng'oa mlango siku ile ile unapoitoa nje.

FRIZA IMEPONA, JE CHAKULA?

Ukimaliza kutengeneza, usirudishe chakula mara moja. Kama ulichomoa plagi, subiri angalau dakika 5 kabla ya kuichomeka tena, ili kompresa isilemewe. Kama friza ililazwa chini, isimamishe kwa saa kadhaa kwanza. Osha ndani kwa maji na sabuni, kisha panguza kwa maji lita 4 yaliyotiwa kijiko kimoja cha mezani cha dawa ya klorini ya kufulia. Usichanganye klorini na siki wala dawa nyingine, hutoa hewa yenye sumu. Iache ikauke, ifunge, iwashe, iache tupu hadi igandishe kweli. Baridi inayotakiwa ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Kama huna kipima joto, weka kikombe cha maji. Yakiganda kuwa jiwe, weka sarafu juu ya barafu hiyo na ukiache kikombe ndani siku zote. Siku utakayoikuta sarafu imezama, utajua friza ilizima na barafu ikayeyuka, hata kama wakati huo imeshaganda tena.

Sasa chakula. Nitakusimulia jambo moja la kliniki. Mama mmoja anayeuza samaki alituletea mtoto wa mwaka mmoja na nusu, macho yamezama, midomo imekauka. Friza ilizima Jumamosi usiku. Fundi alikuja Jumatatu jioni, akabadilisha relei, ikawaka. Samaki walikuwa wamelainika tangu Jumapili, lakini walipoganda tena walionekana wazuri. Aliwachemsha sana akampa mtoto supu. Mama huyo hakuwa mzembe. Aliamini kwamba moto huua kila kitu. Moto huua vijidudu vingi, ni kweli. Lakini vijidudu vingine huacha sumu kwenye chakula, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha. Wala baridi haiiondoi. Baridi huvilaza vijidudu usingizi tu. Mtoto yule alipata maji ya mshipa na akapona, na namshukuru Mungu kwamba aliletwa mapema.

Basi fuata kipimo hiki. Nyama, kuku au samaki ambaye bado ana chembe za barafu ndani, unaweza kumgandisha tena au kumpika mara moja. Aliyeyeyuka lakini bado ni baridi kama ametoka kwenye friji, mpike leo. Aliyekaa na joto la nyumba kwa zaidi ya saa 2, mtupe. Mahali pa joto kali, kama Mombasa, Garissa au Lodwar mchana, zaidi ya saa 1 inatosha kutupa. Usionje ili kujua. Chakula chenye sumu kinaweza kuwa hakina harufu wala ladha mbaya. Chakula kilichopikwa, kama maharagwe, wali au mchuzi, sheria ni hiyo hiyo.

Maziwa ya mama yana kipimo chake. Yakiwa bado na chembe za barafu, yanaweza kugandishwa tena. Yakiyeyuka yote lakini bado ni baridi, yaweke kwenye friji na uyatumie ndani ya saa 24. Yakifika joto la nyumba, mpe mtoto ndani ya saa 1 au 2, au uyamwage. Najua kumwaga maziwa uliyokamua usiku ukiwa umechoka kunauma. Lakini titi litatengeneza mengine.

Kama nyumbani kuna mgonjwa wa kisukari, insulini haiwekwi kwenye friza kamwe, kwa sababu ikiganda huharibika. Mahali pake ni kwenye friji. Friji ikizima, ihifadhi mahali penye kivuli na ubaridi, mbali na jua na jiko, kisha uulize kituo cha afya kabla ya kuendelea kuitumia.

MTU AKIDHURIKA

Mtoto akianza kuharisha au kutapika, mpe maji ya ORS mara moja, ukichanganya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Akitapika, subiri dakika 10 umpe tena polepole kwa kijiko. Endelea kumnyonyesha. Kituo cha afya kitakupa tembe za zinki za siku 10 hadi 14. Mpeleke upesi kama hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, macho yamezama, amelegea sana, amepata degedege, au ana damu kwenye choo. Usimpe dawa ya kuzuia kuhara iliyonunuliwa dukani.

Mtu akipigwa na stima, usimguse kwa mkono. Zima swichi kuu kwanza. Kama huwezi kuifikia, simama mahali pakavu umsukume kwa fimbo kavu ya mbao au kiti cha plastiki hadi aachane na stima. Piga simu 999 au 112, au tuma mtu atafute gari. Kama ni mtu mzima na hapumui, bonyeza katikati ya kifua chake kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Hata akionekana mzima, apelekwe hospitali, maana stima inaweza kuudhuru moyo bila kuonekana nje.

KUMBUKA

Andika saa friza ilipozima, na usifungue mlango ovyo.

Chomoa plagi kabla ya kugusa chochote.

Fyuzi, plagi, raba na relei unaweza kubadilisha kwa uangalifu, ukilinganisha namba. Gesi na kompresa mwachie fundi.

Stima ikipotea, chomoa friza. Ikirudi, subiri dakika chache ndipo uichomeke, kwa sababu stima hurudi ikiwa na nguvu isiyo sawa, na hiyo huunguza spea.

Chakula chenye barafu kinaokolewa. Chakula kilichopata joto kinatupwa, hata kama friza sasa inagandisha vizuri.

Ukiwa na shaka kati ya kilo mbili za nyama na tumbo la mtoto, nyama hununuliwa tena sokoni. Mwambie na jirani yako haya, hasa yule mnayegawana friza.